Bahasha Yenye Mikunjo Miwili

Inspekta Garside alilisukuma faili upande wa pili wa meza kwa kidole kimoja, akarudi kwenye sandwichi yake.

"Mrudishie mama wa watu bahasha yake," alisema. "Mwambie tunasikitika. Baada ya hapo, faili hili nisilione tena."

"Hata wiki tatu hazijaisha, bwana."

"Enid, mtu mzima ana haki ya kumkimbia mkewe. Si kosa la jinai. Lingekuwa kosa, nusu ya wanaume wa Keighley wangekuwa ndani, na mimi ningekuwa chumba cha kwanza." Akacheka peke yake. "Anwani kaandika kwa mkono wake. Mke kauthibitisha mwandiko. Posta ya Brighton imepiga muhuri. Unataka nini tena, picha yake akilamba aiskrimu ufukweni?"

Sajini Enid Thackray hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minane katika polisi, sita ya mwanzo akiwachemshia wanaume chai, na vichekesho vya Garside alikwisha kuvisikia vyote. Alichukua faili, akalisoma tena ndani ya gari huku Konstebo Holroyd akiendesha kwa mwendo wake wa kustaafu, maana alikuwa amebakiza miezi mitano na hakutaka kuharakisha chochote.

Habari zenyewe zilitosha ukurasa mmoja. Lionel Birtwhistle, miaka arobaini na minne, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sufu. Jumamosi tarehe sita Oktoba 1979, saa saba mchana, alitoka nyumbani na bati la biskuti kwapani. Ndani ya bati mlikuwa na bodi ya saketi aliyoiunda mwenyewe. Alimwambia mkewe, "Naenda kumwona mtu kuhusu mashine." Hakurudi. Siku ya kumi ikaja barua. Bahasha ilikuwa na mwandiko wake, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa: *Nora. Usinitafute. Nimeanza maisha mengine. Nisamehe. Lionel.*

"Unaamini?" Enid aliuliza.

"Mimi naamini ninacholipwa kuamini, Sajini," Holroyd alisema. "Ila mwanaume anayekimbilia kwa mwanamke mwingine hubeba wembe na suruali. Habebi bati la biskuti."

Nora Birtwhistle aliwafungulia mlango kabla hawajagonga. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, muuzaji katika duka la dawa, na bado alivaa koti jeupe la kazini. Nyuma yake, kwenye kijia chembamba cha kuingilia, kulikuwa na maboksi manne yaliyofungwa kamba.

"Umekuja kunipa pole au kunisomea sheria tena?" aliuliza.

"Nimeleta bahasha yako."

"Basi itie humo ndani ya boksi, iende na vingine. Watu wa kanisa wanakuja saa nane kuchukua nguo zake. Koti, viatu, vyote. Waliokosa wavae." Akageuka akaelekea jikoni, na hapo tu sauti ikamponyoka. "Jana yule mama Clegg kaniuliza mbele ya wateja kama huyo mwanamke mwingine ni mwembamba. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia sijui, bado hajaja kwangu kununua dawa ya kikohozi nimpime. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu nikaenda stoo nikauma taulo."

Enid alikaa. Holroyd alikaa pia, akakubali kipande cha keki ya tangawizi bila kubembelezwa.

"Nataka kuona alipofanyia kazi," Enid alisema.

"Wenzako walishapaona. Walikaa dakika mbili."

"Mimi nitakaa zaidi."

Kilikuwa chumba kidogo cha juu, kilichokusudiwa mtoto ambaye hakuja. Ukuta mmoja ulijaa matoleo ya jarida la *Transista*, miaka saba mfululizo, yamepangwa kwa miezi. Mezani palikuwa na chuma cha kulehemu, koili za lehemu, na kinanda cha umeme ambacho mfuniko wake ulikuwa wazi na tumbo lake lina pengo. Jarida lilikiita Orion. Lilikuwa likichapisha namna ya kukiunda sehemu kwa sehemu, kila mwezi kipande, na nchi nzima wanaume waliojifungia vyumbani mwao walikuwa wamefika hatua ileile siku ileile, wakisubiri posta.

"Kilikuwa kinaimba," Nora alisema akiwa mlangoni. Hakutaka kuingia. "Lakini nikiwasha hita tu, sauti inaanza kupanda. Unapiga wimbo wa kanisani, ukifika ubeti wa tatu umeshahamia wimbo mwingine. Si chetu peke yetu, wasomaji wote walikuwa wanalia. Lionel ndiye aliyepata dawa yake. Alikaa majira yote ya kuchipua anahangaika na ile bodi moja, na mwishowe ikatulia. Ungewasha hita, ungechemsha birika, haitikisiki."

"Wewe ulikuwa unakaa naye humu?"

"Ningekosaje?" Aliingia sasa, kama aliyesahau kwamba amekasirika. Alivuta trei la mayai kutoka kwenye rafu. Katika kila kishimo mlikuwa na rezista, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, na kila kimoja kilikuwa na doa dogo la waridi iliyokolea. "Hivi vinasomwa kwa rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu, kila rangi ni namba. Na mume wangu hatofautishi nyekundu na kijani, wala kahawia na hizo mbili. Amechagua burudani gani, eti? Ningemwambia afuge njiwa. Kwa hiyo kila jioni mimi nasoma rangi, yeye anaandika, na nikishasoma natia doa la rangi yangu ya kucha, ili ajue hiki macho yangu yameshapita. Mia na kitu humo ndani. Vyote nimevisoma mimi."

Enid alitazama kucha za Nora. Zilikuwa zimekwanguliwa, na pembeni palibaki mabaki ya waridi.

"Niazime kimoja," alisema. "Na kichupa, kama bado unacho."

"Chukua. Sitaki kukiona."

Jarida la juu kabisa lilikuwa toleo la Novemba. "Lililetwa lini?"

"Ijumaa. Siku moja kabla ya… kabla hajaondoka."

Enid alilifungua kwenye Orion, sehemu ya kumi na moja. Mwandishi wa mradi, Bwana Aubrey Lascelles, aliwatangazia wasomaji kwamba baada ya majaribio ya miezi mingi alikuwa amepata dawa ya tatizo la joto, na mchoro wake ungetoka Desemba. Sentensi hiyo ilikuwa imepigiwa mstari wa penseli kwa nguvu kiasi kwamba karatasi ilikuwa imechanika.

Alifunua hadi ukurasa wa mwisho, ule wa maswali ya wasomaji. Juu yake, ndani ya kisanduku cheusi, palikuwa na onyo ambalo jarida lililirudia kila mwezi: hakuna swali litakalojibiwa iwapo msomaji hakuambatanisha bahasha yenye stempu, iliyoandikwa anwani yake mwenyewe.

Enid alilisoma mara mbili. Kisha alitoa ile bahasha ya Brighton kwenye faili, akaipeleka dirishani.

Ilikuwa na mikunjo miwili, iliyoigawa sehemu tatu sawa. Mkunjo mmoja ulipita katikati ya stempu ya peni tisa. Pembeni ya hiyo kulikuwa na stempu nyingine, ya peni moja, imebandikwa upande kidogo, na ilikuwa imekalia mkunjo uleule bila kukunjika hata chembe. Alitoa karatasi ya ndani. Ilikunjwa mara moja tu, katikati.

Aliirudisha karatasi ndani ya bahasha, akaitoa, akaipima tena. Bahasha ilikuwa imekunjwa tupu. Mtu alikuwa ameikunja iingie ndani ya bahasha nyingine, kisha mtu mwingine akainyoosha, akaona bei ya stempu imepanda tangu Agosti, akaongeza ya peni moja. Lionel Birtwhistle alikuwa ameandika anwani ya nyumba yake mwenyewe, kama kila msomaji wa *Transista* anavyotakiwa, na polisi wa miji miwili wakaiita barua ya mtu aliye hai.

"Nora, aliwahi kuliandikia jarida?"

"Mara moja tu, mwisho wa Julai. Alikaa jioni nzima. Nilipomsogelea akafunika karatasi kwa mkono wake, mtu mzima na mvi zake. Akasema utaiona ikichapwa." Alimtazama Enid. "Kwa nini?"

"Bado sijui," Enid alisema, na huo ulikuwa uongo. Alijua nusu nzima. Lakini nusu aliyoijua isingemfanyia Nora jema lolote kabla ya nyingine, na alishuka ngazi akijichukia kidogo.

Alipiga simu London kutoka kibanda kilichokuwa kwenye kona, huku Holroyd akimpitishia sarafu kama mtu anayelisha kuku. Katibu wa *Transista*, Miss Pargeter, alikuwa mwanamke wa sauti kavu aliyejivunia daftari lake.

"Kila swali linapewa namba, Sajini. Hakuna linalopotea hapa, hata mkisema mengine yoyote. Birtwhistle, Birtwhistle… Huyu hapa. Lilifika tarehe mbili Agosti. Kuhusu Orion. Na bahasha yake ipo, nimetia tiki."

"Likaenda wapi?"

"Kwa mwandishi wa mradi, bila shaka. Hapa ofisini hakuna anayejua Orion inavyofanya kazi, na mhariri usimwambie nimesema hivyo. Yote anatumiwa Bwana Lascelles, Ilkley, pamoja na bahasha za watu ili awajibu. Hajibu haraka, lakini ni bingwa."

"Mara ya mwisho mlimwona lini?"

"Si alikuwa nasi kwenye maonyesho ya wasomaji! Wikiendi ile ya katikati ya mwezi huu. Kule Brighton."

Enid alishukuru, akaweka simu chini taratibu.

"Kutoka hapa hadi Ilkley ni basi moja," Holroyd alisema. Alikuwa ameegemea mlango na kusikia yote. "Na akina Lascelles hawajai kwenye kitabu cha simu. Hata mimi ningempata."

"Endesha, Holroyd. Leo jaribu kuendesha kana kwamba bado una kazi."

Nyumba ya Lascelles ilikuwa ya mawe, imeegemea kilima chenye nyasi za kahawia, na juu kabisa yalionekana machimbo ya zamani ya mawe. Mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sweta ya vifungo, mwalimu wa chuo kimoja mjini Leeds ambaye Ijumaa hakuwa na vipindi. Aliwakaribisha kwa adabu ya mtu anayetarajia kusifiwa.

"Birtwhistle?" alisema. "Hapana. Jina la kuchekesha hivyo ningelikumbuka."

"Alikuwa anaunda Orion yako."

"Bibi mpendwa, watu elfu kadhaa wanaunda Orion yangu. Ningekuwa nawajua wote ningekuwa mchungaji wao."

"Na wakiandika maswali?"

"Yanaishia London. Huko ndiko kuna makatibu. Mimi siletewi." Alisema hivyo bila kupepesa macho, na Enid akayaandika maneno yake kama yalivyo.

"Basi hatukupotezei muda," alisema, akafunga daftari. "Ila Konstebo Holroyd ni mpiga tarumbeta. Miaka thelathini katika bendi ya kiwanda. Njia nzima ananisumbua kama anaweza kuisikia."

Holroyd, aliyekuwa akisikia ombi lake hilo kwa mara ya kwanza, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Ingekuwa heshima, bwana."

Majivuno ni kitu cha ajabu. Mtu mwenye siri nyumbani angewaonyesha mlango. Lascelles aliwaonyesha chumba chake cha kazi, moto wa makaa ukiwaka, na Orion imekaa hatua mbili tu kutoka kwenye moto huo. Aliiwasha, akabonyeza kitufe kimoja, na sauti nene, tulivu, ikajaa chumba.

Holroyd alifumba macho. Alianza kuimba noti ileile kwa mdomo uliofumbwa, akaishikilia, akaiacha, akairudia. Dakika zilipita. Lascelles alizungumza kuhusu ugumu wa sayansi. Enid aliongeza makaa mawili motoni bila kuomba ruhusa.

"Haisogei," Holroyd alisema hatimaye, akafumbua macho. "Tarumbeta yangu ingekuwa imeshapanda. Hii haijasogea hata unywele."

"Desemba watu wote watajua kwa nini," Lascelles alisema.

"Mimi siwezi kusubiri Desemba," Enid alisema. "Nionyeshe mimi. Sitaelewa kitu, kwa hiyo siri yako iko salama."

Alicheka, akainua mfuniko. Bodi nyingi zilikuwa safi, za kijani, zenye herufi nyeupe. Katikati, imefungwa kwa waya wa muda, kulikuwa na moja ya rangi ya mbao mbichi, iliyotengenezwa kwa mkono. Rezista zake zilikuwa kama thelathini, na kila moja ilikuwa na doa la waridi.

Enid aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji, maana uso wake ulikuwa umebadilika na hakutaka kuonekana.

"Vidoa hivi ni vya nini?"

"Hivyo? Alama zangu. Nikishapima rezista naitia doa. Uangalifu tu."

"Lakini kwenye bodi nyingine hakuna."

"Hizo ni… hizo zilitoka kiwandani."

"Na rangi hii ni ya aina gani?"

"Ya kawaida. Ya kupaka vyuma. Sikumbuki, bibi, ni rangi tu."

Enid alitoa mfukoni kichupa kidogo na kiberiti. Ndani ya kiberiti mlikuwa na rezista moja. Aliiweka juu ya bodi, karibu na zile nyingine, kisha akaweka kichupa pembeni yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Ni rangi ya kucha," alisema. "Inauzwa katika duka la dawa Keighley, na anayeiuza ndiye aliyeipaka. Mumewe hatofautishi nyekundu na kijani, Bwana Lascelles. Kila kijiti hapo amekisoma mkewe na kukitia doa, ili mume ajue amekisoma. Wewe uliviona vidoa ukadhani ni mapambo. Ungejua maana yake ungevikwangua."

Lascelles alishusha mfuniko. Holroyd aliuzuia kwa kiganja, bila nguvu, kama anavyozuia mtu mlango wa lifti.

"Nilinunua bodi hiyo," Lascelles alisema. "Kwenye maonyesho. Brighton. Kwa mtu nisiyemjua."

"Afadhali ungebaki na rangi ya vyuma," Holroyd alisema.

"Si lazima useme lolote," Enid alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi tupu, "lakini utakalosema litaandikwa, na huenda likatumika kama ushahidi. Umefahamu? Vizuri. Mwisho wa Julai Lionel Birtwhistle aliliandikia jarida. Daftari la Miss Pargeter linasema swali lake uliletewa wewe, pamoja na bahasha aliyojiandikia anwani. Wewe umeniambia huletewi. Bahasha hiyo ilikunjwa ikiwa tupu. Ilikaa hapa kwako zaidi ya miezi miwili, stempu ikapitwa na bei, ukaongeza ya peni moja ili posta isimdai mjane. Ni hiyo peni iliyokuharibia. Haina mkunjo. Ukaipeleka Brighton ulipokwenda maonyesho, kwa sababu ulikuwa na kitu ambacho hakuna muuaji anayepewa bure: mwandiko wa marehemu kwenye anwani sahihi."

Neno *marehemu* lilibaki chumbani. Lascelles alikaa kwenye kiti cha kinanda, na kiwiko chake kikagusa vitufe, na Orion ikatoa sauti tatu kwa pamoja. Hakuna aliyeizima.

"Alipiga kelele," alisema. "Alisimama pale ulipo wewe akanipigia kelele, mbele ya kazi yangu. Fundi wa kiwanda. Mimi nimeifundisha fani hii miaka ishirini, nami nilishindwa kuona anachokiona yeye. Unajua wasomaji wangapi waliniandikia? Walinicheka. Nilimwomba aniachie bodi niikague tu. Mchoro alioutuma haukuwa kamili, aliacha kipande makusudi, hakuniamini."

"Akakataa."

"Akashika bati lake akatoka. Nilimvuta pale kwenye ngazi za nje. Nilimvuta tu."

"Yuko wapi?"

Macho yake yalikwenda dirishani, juu ya nyasi, hadi kwenye machimbo ambayo mvua ya vuli ilikuwa imeyajaza maji, na Enid akayaandika hayo pia.

Waliipata barua ya Birtwhistle ndani ya jalada la kijani lililoandikwa *Desemba*. Lascelles alikuwa ameihifadhi kwa sababu ya mchoro uliokuwa nyuma yake. Enid aliisoma akiwa amesimama, upande wa mbele, mara moja tu. Kisha akaenda uani, akasimama huko mpaka gari la pili lilipofika.

Saa kumi na moja walikuwa tena kwa Nora. Kijia cha kuingilia kilikuwa wazi. Maboksi yote yalikuwa yameondoka.

"Saa nane kamili," Nora alisema. "Wale mabwana wa kanisa hawachelewi kitu cha bure. Mnakuja na sura hizo za nini?"

"Keti, dada," Enid alisema.

"Nitasimama."

"Lionel hakuandika ile barua, Nora. Bahasha ni ile aliyolitumia jarida mwezi Julai ili ajibiwe. Mtu mwingine aliitumia. Lionel alikufa siku ileile, Jumamosi ile. Tumempata saa moja iliyopita."

Nora alitazama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Aliupitisha mkono mezani kama anayefuta makombo, ingawa meza ilikuwa safi.

"Kwa hiyo hakuniacha," alisema.

"Hakukuacha."

"Hakuna mwanamke."

"Hakuna."

Alikaa. Uso wake ulifunguka kwa furaha kabisa, furaha ya kutisha, kisha ukavunjika wote. Enid alimwekea nakala ya barua mezani. Asili yake ingelazimika kukaa kwenye faili hadi kesi iishe, lakini alikuwa amemsimamia karani wa kituo cha polisi cha Ilkley mpaka mashine ya nakala ikapata moto. Nora aliivuta karibu, akaisoma akifuata mistari kwa kidole.

*Mheshimiwa, naambatanisha dawa ya tatizo la joto katika Orion, ila kipande kimoja nitakileta mwenyewe mkinijibu. Mkiona inafaa kuchapwa, naomba jina liwe L. na N. Birtwhistle, si L. peke yake. Mimi sioni rangi. Mashine yote imesomwa na mke wangu, na bila yeye nisingejua nimeshika nini. Hajui kama nimewaandikia hili. Nataka alione kwanza kwenye jarida.*

Aliisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Nimemtukana siku kumi," alisema. "Kila asubuhi nikiamka, kabla ya chai. Nimemwita majina ambayo sikujua kama ninayajua." Alikunja mikono yake mapajani, akizificha kucha. "Mlimpata wapi?"

"Kwenye maji. Machimboni, kule Ilkley."

"Kwenye maji," Nora alirudia. Aliinuka ghafla, akaenda kwenye kijia, akatazama vigingi vya kutundikia nguo, vyote vitupu. "Lile koti. La kijivu, lina kiraka ndani, nimekishona mimi. Siku ile alilisahau, nikamkimbilia nalo hadi kwenye kona, akasema hakuna baridi. Atazikwa na nini? Nimewapa watu koti lake."

Enid aligeuka kumtazama Holroyd.

Holroyd alikuwa ameshavaa kofia. "Ukumbi wa kanisa lipi?" aliuliza. Alipoambiwa, alitoka mbio, na wakasikia gari likiondoka kwa mwendo ambao Enid hakujua kama linao.